Kipira cha Robo Tatu Inchi

Pedeli ya klachi ilizama mpaka sakafuni, haikurudi. Tulikuwa Lupaso, wilayani Masasi, Canter yetu ya zamani imeshiba magunia ya korosho ya chama cha msingi, tayari kwenda ghalani. Utingo akaingia uvunguni, akatoka vidole vimelowa.

"Mjomba, klachi masta ya chini inavuja."

Gari hili lina klachi ya mafuta. Ukikanyaga pedeli, masta ya juu inasukuma mafuta kwenye bomba hadi masta ya chini, iliyofungwa ubavuni mwa gia boksi, nayo inasukuma uma wa klachi. Kinachozuia mafuta yasitoroke ni vipira vyenye upana wa ukucha wa dole gumba. Kikichoka kimoja, mzigo wote unalala njiani.

Alfajiri nilipanda bodaboda kwenda Masasi mjini, masta nimeifunga kwenye kitambaa. Maduka mawili hayakuwa na vipira vyake. La tatu wakanipa ripea kiti, yaani seti ya vipira: "Hii ni ya Canter, kaka." Nilikuwa nimeshatoa pesa, fundi wa jirani akaiomba masta yangu, akaifuta tope, akanionyesha namba iliyo kwenye chuma: 3/4, yaani robo tatu ya inchi. Vipira nilivyopewa viliandikwa 13/16. Tofauti haifiki milimita mbili, lakini kwa klachi ni sawa na kukosa kabisa.

Fundi yule akanielekeza kwa mzee mmoja Newala, aliyezeekea kwenye malori. Mimi na bodaboda tukaupanda uwanda wa juu wa Makonde, vumbi jekundu likitufuata kila kona, hadi mji ule ulioketi ukingoni, bonde la Ruvuma likiwa chini na Msumbiji ng'ambo. Mzee alifungua kopo la bati, akatoa kipira chenye namba yangu hasa. Moyo ukanidunda. Akakibinya kwa kidole na gumba, kikapasuka.

"Namba ndiyo, mwanangu, lakini mpira umeshakufa. Nikikuuzia hiki, kesho utakwama tena."

Hakuchukua hata senti. Aliingiza kidole ndani ya masta, akaniambia kutu ni ya juujuu, itatoka kwa msasa wa maji. Ingekuwa imechimba mashimo, ningenunua masta nzima. Akanionya pia nisidanganywe kuweka mafuta ya injini: yanavimbisha mipira. Ni mafuta ya breki tu. Kisha akampigia simu muuza spea wa Gerezani, Kariakoo, akamsomea namba mara mbili.

Kifurushi kilipanda basi la alfajiri Dar es Salaam, nikakipokea Masasi usiku wa siku hiyohiyo. Kabla ya mwaka 2003, magari ya kusini yalisubiri kivuko cha Ndundu kuuvuka mto Rufiji, na masika yalipochachamaa safari ilikuwa ya kukisia. Leo yanapita juu ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Rais wa zamani Benjamin Mkapa, ambaye daraja hilo limepewa jina lake, alizaliwa Lupaso, na hapo ndipo alipozikwa tarehe 29 Julai 2020. Nilipokuwa narudi kijijini kwake na kipira mfukoni, nililishukuru daraja lile kwa dhati.

Tulisugua masta, tukapaka vipira mafuta mapya ya breki, tukafunga. Utingo akawa anakanyaga na kushikilia, mimi nafungua nati ya kutolea upepo, mpaka mapovu yakaisha. Pedeli ikawa ngumu. Gia ya kwanza ikaingia bila kelele.

Ndugu yangu mwenye gari la zamani, usingoje msimu wa korosho ukukute ulivyonikuta mimi. Badilisha mafuta ya klachi kila baada ya miaka miwili, maana yananyonya maji kutoka hewani, na maji hayo ndiyo yanayozaa kutu. Andika namba ya masta yako kwenye daftari la gari. Na ukienda dukani usitaje jina la gari peke yake: beba kile kilichoharibika mkononi.