Tuweke Nini Nyuma ya Vitofali?

Haba na haba hujaza kibaba. Wengi wetu huikumbuka methali hii insha inapokaribia kuisha na maneno yametukauka. Mimi nimeiona ikifanya kazi mezani. Filamu ya vitofali hutengenezwa haba kwa haba: unamsimamisha mtu wa plastiki, unampiga picha, unamsogeza kiasi cha upana wa punje ya mchele, unampiga tena. Picha 12 zinakupa sekunde moja tu. Dakika moja inadai picha 720! Na katika picha hizo zote 720 kuna kitu kimoja kisichosogea hata kidogo, nacho ni mandhari ya nyuma. Ukiichagua vibaya, itakusuta mara 720.

Vitofali vya chama chetu vilinunuliwa mtumba, vimechanganywa ndani ya ndoo. Mlikuwamo watu wanne wenye kimo cha sentimita 4 hivi, pamoja na kipande cha boksi lao. Juu ya boksi palichorwa mji: maghorofa, barabara safi, nyasi za kijani kibichi. Baadhi ya wanachama wakasema, "Si tubandike hii tu? Kazi imeisha!" Lakini hadithi tuliyokuwa tumeandika ilimhusu msichana anayetumwa maji na nyanya yake wakati wa kiangazi. Je, katika mji ule angechota wapi? Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzetu. Hata katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka wa 2010, zilifuata michoro ya Tingatinga ya jirani zetu wa Tanzania, wala hazikuazima mji wa boksi.

Basi tukaamua kuchora kwetu. Hapo ndipo vita vilipoanza! Mimi ni wa Kibwezi, Makueni. Rafiki yangu, ambaye ndiye fundi wetu wa rangi, ni wa Ikutha, Kitui. Katikati yetu unapita mto Athi, na ng'ambo ya mto umelala uwanda wa juu wa Yatta. Uwanda huo uliumbwa na volkano. Mawe yaliyoyeyuka yalitiririka yakaganda kwa urefu wa karibu kilomita 300, na mtiririko huo huhesabiwa miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Ukiutazama kwa mbali, juu yake ni bapa, kana kwamba mtu amepiga mstari kwa rula.

"Jua linachomoza nyuma ya Yatta," nikasema.

"Wewe, linazama huko, bwana!" akanijibu.

Tulibishana hadi mwalimu mlezi wa chama akatuuliza, "Huyo msichana wenu anakaa upande gani, na ni saa ngapi?" Lo! Kumbe kila mmoja alikuwa akisema kweli ya kwao. Tukakubaliana kwamba msichana ni wa upande wa Kitui na anatoka asubuhi. Kwa hiyo uso wa Yatta ulipakwa ukimulikwa, na taa yetu ikawekwa nyuma ya simu, vivuli vianguke kuelekea mchorong'oo wa mbali. Dirisha tulilifunika kwa blanketi, maana jua halisi halikubali kusimama likisubiri picha 720.

Hata hivyo, ubishi mkubwa ulikuwa bado. Rafiki yangu alitaka nchi ya kijani kama Desemba, baada ya mvua. "Tukiweka mto mkavu siku ya wazazi," alisema, "watu watasema Ukambani ni njaa tu. Kila picha yetu gazetini ni punda na mitungi. Hata sisi tujichore hivyo?"

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu lina ukweli. Sikulijibu siku hiyo. Nililala nikimwaza susu, yaani nyanya yangu, ambaye amechota maji mtoni maisha yake yote. Mto wa mchanga si mto uliokufa. Mvua ikinyesha unafurika, na mafuriko yakipita, maji mengine hubaki kati ya chembe za mchanga, ambako jua haliyafikii upesi. Susu hufukua kwa bakuli, hungoja, kisha huchota polepole. Ndiyo maana Kitui na Makueni watu hujenga mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hukatishwa mtoni, mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta na maji hukaa ndani yake.

Kesho yake nikamwambia rafiki yangu, "Tukipaka kijani, huyu msichana anaenda mbali na ndoo kutafuta nini? Tuache mto uwe mkavu, lakini tuonyeshe kilicho chini." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hiyo samawati ya chini nitaichagua mimi."

Tukainua meza ya filamu kwa makaratasi, tukaacha shimo, na ndani ya shimo tukapanga vitofali vya samawati. Mandhari tuliichora kwenye manila kwa makaa na udongo mwekundu uliochanganywa na gundi. Rangi ya kung'aa tuliikataa kwa kuwa inarudisha mwanga wa taa. Msichana tulimvisha manjano ili asimezwe na wekundu wa nyuma. Mbuyu nao ulihitaji hesabu. Mtu wa mita 1.6 akiwa na sentimita 4, mbuyu wa mita 16 ulio kando yake unataka sentimita 40. Wetu ulikuwa na 10, basi tukauchora mbali, chini ya Yatta. Mwisho tulimwaga mchanga halisi mezani na kuupandisha kidogo kwenye manila, mshono usionekane.

Filamu ilichukua sekunde 50, yaani picha 600. Siku ya wazazi, bakuli lilipogusa samawati, mama mmoja aliyekaa nyuma alisema kwa sauti, "Huo mto ni wetu!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nikamtazama rafiki yangu. Alikuwa akitabasamu, ila hakuacha neno lake. "Mwaka ujao tunapaka Desemba," akasema.

Nami sijakataa. Desemba pia ni kwetu. Enyi wanachama wapya, manila ipo kabatini na udongo uko nje ya darasa. Kabla ya kupiga picha ya kwanza, jiulizeni lile swali la mwalimu: mtu wenu anakaa upande gani, na ni saa ngapi?