Nani Alikushikia Bunduki?

Wasee, leo naongea kuhusu KBC. Msitoroke kwanza.

Najua vile tunaiona mtaani. KBC ni ya wazee. Ni Vitimbi, ni Mzee Ojwang' na Mama Kayai, halafu habari zinaanza: Rais amesema, Rais amefungua, Rais amesafiri. Hata mimi nimetengeneza video za kuicheka na zikanilipia bando. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo hii simu ndiyo mboka yangu.

Lakini kwa shosh yangu, pale Jericho, redio haijawahi kutoka Redio Taifa. Iko juu ya kabati, imefungwa na raba, na hakuna mtu anaruhusiwa kuigusa.

Tarehe 25 Juni 2025 nilikuwa kwake. Ulikuwa umetimia mwaka mmoja tangu vijana waingie Bunge juu ya Mswada wa Fedha, na watu walikuwa wamerudi barabarani. Mchana, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru redio na runinga ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja. NTV, KTN na K24 zikazimwa. Mahakama Kuu ilikuja kusimamisha hiyo amri, lakini wakati huo runinga ya jirani ilikuwa giza tupu. Nikajiambia, sawa, zimeni. Sisi tuko na simu.

Msee mmoja akanitumia klipu. Moto, watu wanakimbia, na maneno kwamba ni steji ya hapa karibu. Sikuuliza kitu. Nikaandika "Jogoo Road inaungua sai" nikaposti. Nusu saa baadaye watu 11,000 walikuwa wameitazama. Mwili wote ulikuwa unanisisimka, siwezi danganya.

Halafu nikasikia mama wa mlango wa pili akipiga nduru. Binti yake alikuwa anatoka kazini, anapitia Jogoo Road, na simu yake haikuwa inashika. Mama akatoka mbio na malapa kwenda kumtafuta. Siku kama hiyo, huko nje. Msichana alifika nyumbani jioni, mzima kabisa. Mama mwenyewe alirudi saa mbili usiku, macho mekundu kwa moshi wa vitoa machozi, anachechemea. Ile klipu ilikuwa ya zamani. Hata haikuwa ya Nairobi.

Shosh hakunigombanisha. Alipunguza redio, akanianzia hadithi ya tarehe 1 Agosti 1982.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Yeye alikuwa msichana, na milio ya risasi ilikuwa inatoka upande wa Eastleigh, kwenye kambi ya Jeshi la Anga. Hiyo KBC wakati huo ilikuwa inaitwa Sauti ya Kenya, VOK, na nchi haikuwa na redio nyingine. Ukitaka kujua kama Kenya bado iko, unawasha hiyo. Wanajeshi walioasi walijua hilo. Wakamtoa Leonard Mambo Mbotela nyumbani, wakampeleka studio, na sauti ileile ya "Je, Huu ni Ungwana?" ikatangaza kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Baadaye wanajeshi watiifu wakakiteka kituo tena, na sauti hiyohiyo ikatangaza kwamba serikali imerudi.

"Na sisi tuliamini mara zote mbili," shosh akasema, "juu ni Mbotela alisema."

Akanyamaza kidogo. Halafu: "Mbotela alikuwa na bunduki kichwani. Wewe, baba, nani alikushikia bunduki?"

Sikuwa na jibu. Nilifuta posti, lakini klipu ilikuwa imeshasambaa kwa magrupu yote ya mtaa.

Nimefikiria hilo swali sana. Shida ya KBC tangu zamani ni nani amesimama nyuma ya maikrofoni. Lakini soma Katiba ya 2010, Kifungu cha 34. Inasema vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua vinachotangaza, visipendelee upande wowote, na vipe nafasi maoni tofauti, hata ya wanaopinga. Haijasema KBC ni ya Rais. Ushuru unaokatwa ukinunua bando na mafuta unasaidia kuiendesha. Ni yetu, na sisi tumekaa tunaicheka tu. Ukicheka kitu chako mwenyewe mpaka ukikatae, mwenye nguvu anakichukua bila hata kukuomba. Kwa hivyo wakificha kitu, usitume kikaragosi pekee. Watajie Kifungu cha 34, kila siku, mpaka wachoke.

Lakini siwezi kuwadai ukweli na mimi nauza moto wa uongo. Bunduki yangu mimi ni ile namba ya watazamaji, na niliishika mwenyewe. Siku hizi siposti tukio kabla sijampigia mtu aliye pale. Mara nyingi wengine wananitangulia, na hiyo inauma, manze, juu kodi ya nyumba hainingoji.

Mama wa mlango wa pili bado hanisalimii. Nimeomba msamaha mara mbili. Namwelewa.

Na wewe je? Ile kitu umesambaza leo asubuhi, ulimuuliza nani kwanza?