Niliua Kazi za Mwenzangu, Kisha Nikamlaumu

Nianze na lililo baya zaidi, nisije nikalizunguka. Dada mmoja aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu, kwenye chuo ambacho seva zake nilizisimamia, alinijia akilalamika kwamba kazi zake zinakufa usiku. Nikamwambia akaikague programu yake vizuri. Programu yake haikuwa na kasoro yoyote. Aliyekuwa akiziua kazi hizo ni mimi, kwa mstari mmoja nilioubadilisha kwenye faili la mipangilio, na siku aliponijia nilikuwa na kila sababu ya kujishuku. Sikujishuku.

Seva yenyewe ilikuwa ya pamoja, inaendeshwa na Debian. Watafiti waliingia kwa ssh, wengine wakiwa ofisini, wengi wakiwa nyumbani usiku, wakaanzisha hesabu zao ndefu na kuziacha ziende. Kero yangu ilikuwa kumbukumbu ya mashine. Kila nilipoorodhesha vikao kwa loginctl nilikuta vimerundikana, na nikikagua kimoja kimoja hali yake inasomeka "closing": mtu ameshatoka, lakini programu alizoziacha bado zinakula kumbukumbu. Nyingine zilikuwa mabaki kweli, daftari la Python lililosahaulika tangu muhula uliopita. Basi nikajijengea picha kwamba kila kilichobaki baada ya mwenyewe kuondoka ni takataka, na kazi yangu ni kufagia.

Fagio nililijua. Mtu anapoingia kwenye mfumo wa Linux unaotumia systemd, huduma iitwayo systemd-logind humfungulia kikao na kuziweka programu zote atakazoanzisha kwenye kundi moja ndani ya kiini cha mfumo. Programu haiwezi kujitoa kwenye kundi hilo kwa kujitenga na terminali tu. Hapo ndipo mambo yalipobadilika na desturi ya zamani ya Unix. Zamani, laini ikikatika, programu zilizounganishwa na terminali zilipelekewa ishara ya SIGHUP, na wengi walijua namna ya kuikwepa: amri ya nohup ipo tangu miaka ya 1970, screen ilikuja mwaka 1987, na tmux mwaka 2007. Mbinu hizo zote zinahusu terminali na ishara yake. logind haiangalii terminali, inaangalia kundi. Kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf kuna mstari wa KillUserProcesses. Ukiuweka "no", mtu akitoka kilichobaki kinaachwa kiendelee. Ukiuweka "yes", kikao kikifungwa kila kilichomo ndani yake kinasimamishwa, kwanza kwa ishara ya upole, na kisipotii, kwa ile isiyokataliwa.

Mwezi Mei 2016, toleo la 230 la systemd lilifanya "yes" kuwa chaguo la kawaida, na ugomvi ukawa mkubwa. Debian na Fedora waliamua kubaki na "no". Ugomvi huo niliufuatilia, na nilikuwa upande wa waliosema "yes" ni sahihi. Bado naamini hivyo kwa mashine za maabara, zile ambazo mwanafunzi mmoja anainuka na mwingine anakaa: hakuna sababu ya programu za aliyeondoka kuendelea kumsumbua anayefuata. Kosa langu lilikuwa kuichukua hoja ya mashine ya mezani na kuipeleka kwenye seva ya hesabu, ambako kuondoka huku ukiacha kitu kinaendelea ndiyo kazi yenyewe. Mtu akiinjika maharage kisha akaenda dukani, hajayatelekeza.

Nilipouweka "yes", nilijaribu kabla ya kuwafungulia watu, na hili ndilo lililonipa kiburi. Niliingia kama root, nikafungua tmux, nikakata muunganisho, nikarudi. tmux ilikuwepo. Nikahitimisha kwamba wanaotumia tmux wako salama na watakaoguswa ni wazembe peke yao. Kumbe chini kidogo ya mstari nilioubadilisha kuna mwingine, KillExcludeUsers, ambao bila kuguswa unamsamehe mtumiaji mmoja tu, naye ni root. Nilikuwa nimefanya jaribio kwa akaunti pekee ambayo sheria yangu haikuihusu. Na mwongozo wa faili hilo unaonya wazi kwamba ukiweka "yes", screen na tmux zitavunjika zisipotolewa nje ya kundi la kikao. Sikuusoma hadi hapo. Niliusoma mpaka pale nilipopata nilichokitaka.

Wakati huohuo nilikuwa nimegusa mpangilio wa ssh: kila sekunde 60 seva imwulize mteja kama bado yupo, akikaa kimya mara tatu, ikate. Kila mpangilio peke yake ulikuwa na maana. Ikikutana, mtandao wa nyumbani ukipotea dakika chache, bando likiisha, au umeme ukikatika na ruta ikazima, seva inakata muunganisho, kikao kinafungwa, na hesabu ya siku nzima inakwenda nacho. Mtandao usipotetereka, kazi inafika asubuhi salama. Ndiyo maana kwa mtafiti ilionekana kama bahati mbaya isiyo na mpangilio.

Dada yule alikuwa akishughulikia rekodi za mvua za bonde la Rufiji. Alikuja mlangoni na kompyuta yake mkononi. "Samahani kaka kukusumbua," akasema, "kazi yangu inaanza vizuri, asubuhi nikirudi haipo. Na haiandiki kosa lolote."

Haiandiki kosa lolote. Maneno hayo yangepaswa kuniinua kitini. Programu inayoanguka kwa kasoro yake yenyewe kwa kawaida huacha alama, angalau mistari michache inayosema imeangukia wapi. Inayokatika kimya katikati ya hesabu, mara nyingi imesimamishwa na mkono wa nje. Jambo hili nilikuwa nikiwafundisha vijana wa mazoezi. Na kuhakikisha kulihitaji amri moja tu ya journalctl, inayosoma rekodi za matukio ya mfumo. Badala yake nikamjibu bila kugeuka vizuri: "Dada, itakuwa data yako ni nzito, inajaza kumbukumbu. Ipunguze, halafu upitie programu yako upya."

Alinisikiliza, maana mimi ndiye mwenye seva. Aliivunja programu yake akaiandika upya. Akaacha miaka mingi ya rekodi nje ya hesabu ili mzigo upungue.

Niligundua kwa sababu yaliyompata yalinipata mimi. Niliacha nakala rudufu ya mafaili ikiendelea ndani ya tmux, safari hii kwa akaunti yangu ya kawaida, mtandao ukakatika usiku, na asubuhi tmux haikuwepo. Kwa kazi yangu mwenyewe sikusema data ni nzito. Nilifungua rekodi za matukio ya mfumo papo hapo, nikauona mstari unaosema kikao kimetoka na kinasubiri programu zimalizike, na baada yake mwingine unaosema kikao kimeondolewa. Nikarudi nyuma kwenye tarehe za malalamiko yake. Mistari ilikuwa ileile, kwa vikao vya akaunti yake.

Nilirudisha "no", nikaiwasha upya logind, nikanyamaza. Hili nalo niliseme lilivyo, kwa sababu kuteleza kwenye mpangilio kunaweza kumpata yeyote, lakini kunyamaza nilikuchagua. Nilijiambia tatizo limekwisha, kwa hiyo hakuna wa kuumizwa na kimya changu.

Baadaye kidogo akaja kunishukuru. Alisema ushauri wangu umefanya kazi, tangu apunguze data hesabu zinafika asubuhi. Alikuwa na furaha, na alikuwa amejifunza jambo la uongo kuhusu kazi yake mwenyewe, kutoka kwangu. Ningemwacha aondoke nalo, lingeingia kwenye tasnifu: sura ya mbinu ingeeleza kwamba kipindi cha rekodi kilifupishwa kwa sababu ya uwezo wa mashine.

Nikamwomba akae, nikamweleza yote: mstari wenyewe, jaribio la root, ile amri moja ambayo sikuiandika. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo ile miaka niliyoiondoa, ningeweza kuiacha?"

"Ndiyo."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Hakupandisha sauti. Aliomba nimwandikie maelezo hayo kwa maandishi ampelekee msimamizi wake, kwa kuwa alikuwa ameshaonekana mtu anayechelewesha kazi. Nikaandika siku hiyohiyo, kwa jina langu, nikataja kwamba nilipewa taarifa mapema na sikuchunguza.

Tatizo la kumbukumbu nililitibu namna nilivyopaswa kulitibu toka awali. systemd inaruhusu kuweka kikomo kwa kila mtumiaji kwa faili dogo ndani ya user-.slice.d, lenye mstari wa MemoryMax. Anayepita kiasi anajibana mwenyewe, na aliyekata muunganisho haguswi. Kwa wenye kazi za muda mrefu zaidi nikawafungulia ruhusa ya linger, inayoacha huduma za mtumiaji ziendelee hata akishatoka, na nikawaonyesha namna ya kuianzisha kazi kwa systemd-run --user ili ikae nje ya kikao cha kuingia. Ukirudisha "yes" siku moja, linger peke yake haitoshi: tmux iliyozaliwa ndani ya kikao hufa na kikao. Nalitaja kwa sababu wenzangu wa kazi hii wanaweza kudhani, kama mimi, kuwa linger inatosha.

Kisha nikazipitia rekodi za mfumo za kipindi chote ambacho "yes" ilikuwa imekaa pale, nikitafuta vikao vilivyofungwa vikiwa na hesabu ndani. Dada yule hakuwa peke yake, ila ndiye pekee aliyekuja kulalamika. Niliwaandikia wote niliowapata, mmoja mmoja, nikiwaeleza kilichotokea na tarehe zake. Wengine walijibu kwa upole. Mmoja aliandika kwamba alidhani ni mtandao wa kwake, akaacha kuitumia seva ya chuo, na hesabu zake alikuwa akiziendesha kwenye kompyuta yake ndogo nyumbani tangu wakati huo.