Mlango wa Jikoni Ulipofunguka

Katika harusi za Mombasa za miaka ya 1980 mpishi hakuonekana, alisikika tu. Mwiko uligonga ukingo wa sufuria, sauti ikaamrisha makaa yapunguzwe chini na yaongezwe juu ya kifuniko, na harufu ya bizari nzima ikatangulia ukumbini kabla ya masinia. Wageni walikula wakashiba, wakamshukuru mwenye shughuli, wakaenda zao.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mtoto wa kuchota maji na kupanga kuni kwenye ua wa nyuma. Aliyelisha mtaa mzima alikuwa mama mmoja ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Mama Mpishi. Hakupima kitu kwa kikombe wala kwa mizani. Chumvi aliitia kwa kiganja, supu akaionja kabla mchele haujaingia, akanyamaza kidogo kama anayesikiliza, kisha akaongeza au akaacha. Pilau ya gunia zima ilitoka punje mbalimbali, haikushikana. Bwana harusi aliposhangiliwa mbele, yeye alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, jasho halijamkauka, anakunywa chai ya rangi.

Miaka ikapita, yule mtoto wa kuchota maji, sasa kijana, akapata kibarua cha kuosha vyombo katika hoteli moja ya watalii. Huko alikuta desturi ile ile ikiwa imevalishwa koti jeupe. Mlango wa jikoni ulifunguka pande zote mbili, lakini waliopita hapo walikuwa wahudumu peke yao. Mpishi mkuu aliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kushushia samaki na mboga, na usiku akatoka kwa huo huo. Mgeni akifurahia kamba wa kuchoma, shukrani zilipelekwa kwa meneja.

Desturi hiyo haikuanzia pwani. Ulaya kwenyewe, kwa karne nyingi, mpishi alikuwa mtumishi wa nyumba ya mtu. Walikuwapo wachache waliovuka. Marie-Antoine Carême, mtoto aliyetupwa na wazazi wake katika mitaa ya Paris, alipanda hadi kuwapikia mwanadiplomasia Talleyrand na mtawala wa Uingereza, akaandika vitabu vilivyobeba jina lake baada ya kifo chake mwaka 1833. Auguste Escoffier alitawala jiko la hoteli ya Savoy mjini London kuanzia mwaka 1890, akawapanga wapishi wake kwa vyeo kama kikosi cha jeshi, na mpango huo ungali unaendesha majiko makubwa hadi leo. Hata hivyo sifa za watu hao zilisambaa kupitia wafalme, matajiri na vitabu. Mtu wa kawaida hakuwahi kuiona mikono yao ikifanya kazi.

Televisheni ndiyo iliyosukuma mlango. BBC ilimweka Mfaransa Xavier Marcel Boulestin mbele ya kamera mwaka 1937, na mwaka 1946 Marekani ikawa na James Beard. Ila wenye seti za televisheni miaka hiyo walikuwa wachache mno, na umaarufu mkubwa ulimsubiri mtu ambaye hakuna aliyemtarajia.

Julia Child alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1912. Alikuwa mrefu wa sentimita 188, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi za ofisini katika idara ya ujasusi ya Marekani huko Ceylon na China. Kupika hakukujua. Mwaka 1948 alimfuata mumewe Ufaransa, na siku ya kwanza tu, mjini Rouen, akala samaki aliyekaangwa kwa siagi. Samaki yule aliyabadilisha maisha yake. Akiwa na miaka 37 aliingia chuo cha mapishi cha Le Cordon Bleu mjini Paris, kisha akatumia miaka karibu kumi kuandika kitabu pamoja na wanawake wawili wa Kifaransa, Simone Beck na Louisette Bertholle. Kilitoka mwaka 1961. Alikuwa na miaka 49, umri ambao wengi wetu huanza kuhesabu tulichokwisha kukosa.

Alipoalikwa kwenye kituo cha televisheni cha Boston kuzungumzia kitabu hicho, alibeba jiko dogo la umeme na mayai, akakaanga omleti huku akizungumza. Watazamaji wakaandika barua wakitaka zaidi. Februari 1963 kipindi chake, The French Chef, kikaanza. Siku moja alijaribu kugeuza andazi la viazi kwa kulirusha hewani, likavunjika na kumwagika jikoni. Hakuona haya. Aliokota vipande, akavirudisha kwenye kikaango, akawaeleza watazamaji kwamba kosa lake ni kukosa ujasiri wa kurusha kwa nguvu.

Hapo ndipo kazi ya mpishi ilipobadilika. Kwa mara ya kwanza mamilioni ya watu waliona kwamba mpishi hukosea, hutokwa jasho, huonja, hurekebisha, yaani walimwona mtu. Jiko lake la nyumbani, lenye masufuria yaliyoning'inizwa ukutani, alilitoa mwaka 2001 kwa jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington, na linatazamwa hadi leo.

Ufaransa, wakati huo huo, Paul Bocuse alikuwa akipigania jina. Ukoo wake ulikuwa wa wapishi kijijini Collonges-au-Mont-d'Or, karibu na mji wa Lyon, lakini babu yake aliuza mkahawa wa familia pamoja na haki ya kutumia jina la Bocuse. Mjukuu akakua akijua kwamba jina la baba zake limetundikwa mlangoni kwa mtu mwingine. Mwaka 1965 alipata nyota ya tatu ya Michelin, kitabu kinachokadiria mikahawa, nalo ni daraja la juu kabisa, na katika miaka hiyo hiyo ya 1960 akalinunua tena jina lake, akaliandika kwa herufi kubwa juu ya jengo. Mwaka 1975 Rais Valéry Giscard d'Estaing alimtunuku nishani ya taifa katika Ikulu ya Paris. Bocuse akaipikia hafla hiyo supu ya uyoga adimu wa chini ya ardhi, iliyofunikwa kwa unga mwembamba uliookwa ukavimba. Alitoka jikoni akatembea kati ya meza, akapiga picha na wageni, akasafiri dunia nzima na kofia yake ndefu. Wapishi wenzake walimfuata mlangoni.

Kishindo cha mabadiliko hayo kilifika Mombasa kwa kuchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpishi mmoja kijana wa ile hoteli alirudi kutoka Uingereza na kitabu cha Marco Pierre White, kijana wa Leeds, chenye picha nyeusi na nyeupe za mpishi mwenye nywele timtim, macho makavu, sigara mkononi. Kitabu kilizunguka jikoni hadi kurasa zikashika mafuta. Wale waosha vyombo walikitazama kama watu wanaoona jamaa yao gazetini. Mwaka 1995 White alipata nyota ya tatu akiwa na miaka 33 tu, na mwaka 1999 akazirudisha zote. Mmoja wa vijana aliowafunza ni Gordon Ramsay, mwanasoka wa zamani aliyeangushwa na goti, ambaye hasira zake jikoni ziligeuzwa kipindi cha televisheni. Jamie Oliver, mtoto wa wenye baa ya kijijini Essex, yeye alionekana kwa bahati tu: wapiga picha walikuja kurekodi mkahawa wa River Café alikokuwa akifanya kazi, wakamwona anavyoongea. Mwaka 1999 akapewa kipindi chake.

Umaarufu huo ulikuwa na bei. Bernard Loiseau, mpishi wa Saulieu, Ufaransa, alifikia nyota tatu mwaka 1991 na akaingiza kampuni yake kwenye soko la hisa la Paris. Februari 2003, akiwa na madeni, amechoka na huku magazeti yakinong'ona kwamba nyota yake iko hatarini, alijiua. Nyota hazikuwa zimepungua. Naye Oliver, pamoja na sifa zote na kampeni yake njema ya chakula cha shuleni, aliona mikahawa yake ya Uingereza ikianguka Mei 2019, na watu wapatao 1,000 wakapoteza kazi. Uso mmoja kwenye bango ulikuwa umebeba riziki za wengi ambao hawakuwahi kuwa kwenye bango.

Afrika Mashariki nayo imeingia ukumbini. Ali Mandhry wa Mombasa aliingia kwenye televisheni za Kenya na mapishi ya pwani, watu wakamjua kwa jina la Chef Ali. Dennis Ombachi alitoka timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba akajulikana upya kwa video fupi ambamo hupika na kujirekodi mwenyewe. Ravinder Bhogal, aliyezaliwa Kenya, alifungua mkahawa London mwaka 2016 akauita Jikoni, na Waingereza wakajifunza kulitamka neno letu ili wapate meza. Mwaka 2019, Mombasa, Maliha Mohammed alipika saa 75 mfululizo akiitafuta rekodi ya dunia, umati ukimtazama. Mwanamke anapika na watu wamekuja kumtazama yeye! Aliyewahi kukaa kwenye ule ua wa nyuma hawezi kuisoma habari hiyo bila kifua kujaa.

Ile hoteli nayo ilivunja ukuta. Asubuhi mpishi husimama mbele ya wageni na kikaango chake, akiwa na jina lake kifuani, akimuuliza kila mmoja anataka yai lake vipi.

Lakini iko habari moja ya Lyon ambayo haisimuliwi vya kutosha. Bocuse, kabla ya kofia ndefu na nishani, alikuwa kibarua wa mwanamke aitwaye Eugénie Brazier, aliyemfundisha kupika, na pia kukamua ng'ombe na kufua. Mama huyo, aliyeanzia utumishi wa nyumbani, ndiye mpishi wa kwanza kushika nyota sita za Michelin kwa mara moja, tatu kwa kila mkahawa kati ya miwili yake, mwaka 1933. Mwaka 1998 Alain Ducasse alipofikia idadi hiyo alisifiwa kuwa wa kwanza, na wenye kumbukumbu wakalazimika kukumbusha kwamba mwanamke alitangulia kwa miaka 65. Dunia ilifungua mlango, wakatoka wanafunzi. Walimu wengi wakaachwa na masufuria.

Mama Mpishi alifariki zamani. Mwandishi wa makala haya amewauliza wazee wa mtaa jina alilopewa na wazazi wake. Wanaikumbuka pilau yake, wanaikumbuka sauti yake, wanakumbuka hata harusi alizopika. Jina hawalijui, naye pia hakuwahi kumuuliza alipokuwa akimchotea maji.

Basi wewe mwenye shughuli mwezi huu, masinia yatakapokwisha kupangwa na kabla wageni hawajanawa, mtume mtoto ua wa nyuma. Mwite mama aje mbele na kanga yake yenye moshi, na umtaje jina lake kamili kwa sauti ambayo hata waliokaa nje kwenye turubai wataisikia.