Ngwe Nyuma ya Darasa la Tano

Mwaka 1986 nilikuwa darasa la nne katika shule ya kijijini, wilayani Kilosa. Shamba la shule tulilijua kwa jambo moja: adhabu. Aliyechelewa namba, aliyepiga kelele, aliyesahau kuni, wote walipimiwa ngwe. Mahindi tuliyovuna yaliuzwa, sisi tukarudi nyumbani na njaa. Mwalimu Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka wanafunzi wajifunze shambani na waone wenyewe faida ya jasho lao. Kwetu lilifika jembe peke yake.

Nami nilipoanza kufundisha, nilishika njia ileile. Miaka mingi nilimpeleka mtoto shambani kama nilivyomchapa fimbo, kisha nikashangaa anavyoichukia mboga. Mapumziko walikimbilia barafu za rangi, biskuti na mihogo ya kukaanga. Mihogo sina ugomvi nayo. Zile barafu za rangi ndizo zilizowashibisha watoto wangu sukari na maji, na rambo zake zikaning'inia kwenye uzio wa minyaa.

Juni mosi 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini. Wiki hiyo tulikuwa tukifufua matuta nyuma ya darasa la tano. Jembe la msichana mmoja likaibua rambo ya bluu, nzima, haijaoza hata pembe. Mizizi ya mchicha ilikuwa imejikunja juu yake, ikakosa pa kupenya, na majani yamekuwa ya njano. Akaniuliza, "Mwalimu, nani aliizika hapa?" Nikamjibu kwamba ni sisi.

Kwenye kikao cha walimu nikaomba tusimpeleke tena mtoto shambani kwa kosa. Mwalimu wa zamu akauliza tutawaadhibu kwa njia gani basi. Tulibishana mpaka jioni. Hatimaye kila darasa likapewa tuta lake, na mavuno yakawa ya sufuria ya shule: makande ya mahindi na maharage waliyochanga wazazi, na mchicha wa watoto wenyewe. Maganda na majani yanakwenda shimo la mboji. Plastiki inatengwa kwenye kiroba. Mtoto aliyemwagilia tuta wiki tatu hahitaji kushikiwa kijiko. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na linaniuma kwamba nilichelewa kulijua.

Mwaka jana mama mmoja alinifuata ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Mwanao huyu ananikataza kung'oa mchicha. Anasema nichume ncha, shina nilibakize lichipue."

"Marahaba, mama. Anasema kweli."

Akafungua kitenge, akatoa kikopo kitupu cha maziwa, akakiweka mezani.

"Basi nitilie mbegu kidogo."