Kulipia Nyongeza Kabla Haijatoka: Leicester si Kisauni

Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Kijana wa Mombasa aliyetaka kulipia mapema The Final Shape, nyongeza ya gemu ya Destiny 2 iliyouzwa dola 50 kasoro senti moja, alihitaji kama shilingi 8,000. Nyongeza hiyo ilikuwa itoke Februari 27, lakini Bungie, walioiunda, walikuwa wameshaisogeza hadi Juni 4. Siku hiyo ilipofika shilingi ilikuwa imepata nguvu, dola iko karibu na 130, na aliyesubiri akanunua kitu kile kile kwa shilingi 6,500 hivi. Aliyetangulia kulipa hakutangulia kucheza.

Hapa Leicester hesabu hiyo haimgusi mtu. Mshahara ni wa pauni, bei ni ya pauni, na aliyeagiza miezi kumi kabla hapotezi chochote kwa kupanda na kushuka kwa sarafu. Ndiyo maana mjadala wa huku kuhusu kulipia mapema ni mjadala wa tabia: una subira au huna, unaiamini kampuni au huiamini. Vijana wetu wanaufuata kwenye YouTube, wanamsikia mtu wa Manchester au wa Texas akisema agiza tu, isipokupendeza utarudishiwa, na wanaupokea ushauri huo kana kwamba umetolewa kwa ajili yao. Haukutolewa kwa ajili yao, na hilo linaniuma.

Mtu wa huku amezungukwa na kinga pande zote. Uingereza ina Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015, ambayo inataja waziwazi bidhaa za kidijitali: lazima ziwe za ubora unaoridhisha na ziwe kama zilivyoelezwa zilipouzwa. Duka la Steam, tangu Juni 2015, hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza saa 2. Ukiwa umeagiza kitu ambacho bado hakijatoka, unaghairi wakati wowote kabla ya siku ya kutoka. Duka la PlayStation nalo hukuruhusu kughairi kabla ya kutoka, na baada ya kununua una siku 14 mradi hujaanza kupakua. Wenzangu kazini huagiza siku ya mshahara, husoma tathmini za mwanzo, na wasiporidhika hughairi wakiwa kwenye basi. Pesa hurudi kwenye kadi ile ile zilikotoka. Kwao kuagiza mapema ni kama hawajaagiza.

Steam ina kanuni hiyo hiyo kwa mtu wa Mombasa, na ni haki kuisifu kwa hilo. Lakini haiuzi kwa shilingi, iwe ya Kenya au ya Tanzania. Unalipa kwa dola, labda kwa ile kadi ya Visa ya M-Pesa iliyoanza Juni 2022, na kila pesa zinapovuka kwenda dola na kurudi shilingi kuna kinachobaki njiani.

Kwa mwenye PlayStation hali ni ngumu zaidi. PlayStation Network haina huduma rasmi Kenya wala Tanzania, kwa hiyo kijana hufungua akaunti akisema anaishi Uingereza, Marekani au Afrika Kusini. Akaunti ikishakuwa ya Uingereza, inahitaji pesa za Uingereza, na hapo ndipo sisi wa ughaibuni tunapoingia. Mpwa wangu wa Kisauni, Mombasa, hunitumia sauti kwenye WhatsApp: "Shikamoo mjomba. Ile nyongeza imeshaanza kuuzwa, ukiagiza sasa unapewa na vitu vya ziada. Naomba unitumie vocha ya pauni hamsini, nitakurushia kwa M-Pesa mwisho wa mwezi." Nanunua vocha, namtumia herufi na tarakimu zake 12, anaziingiza, basi. Tangu dakika hiyo pauni zile zimo ndani ya pochi ya akaunti ya PlayStation na hazitoki tena. Akighairi, zinarudi pochini. Haziwezi kuwa nauli ya matatu, haziwezi kuwa bando, haziwezi kuwa karo. Ameghairi nyongeza lakini hakuokoa pesa.

Kisha kuna diski. Nyumbani wengi bado hununua diski, na wana sababu nzuri, maana diski inauzika tena na inaazimika. Pindua kasha la PS4 utazame mgongo wake: kuna herufi CUSA na tarakimu 5 (kwenye PS5 ni PPSA). Tarakimu hizo hutofautiana kulingana na eneo ambalo diski ilikusudiwa kuuzwa, na nyongeza inayonunuliwa mtandaoni lazima itoke kwenye duka la eneo hilo hilo. Diski iliyofika Mombasa kupitia Dubai na nyongeza iliyonunuliwa kwa akaunti ya Marekani huenda zisitambuane kabisa. Mtu wa Leicester hana haja ya kulijua hili, kwa sababu diski yake, akaunti yake na vocha yake vyote vimetoka mahali pamoja. Aliyeagiza miezi mitatu kabla, kwa akaunti isiyolingana na diski, hugundua siku ambayo wenzake wameshaingia uwanjani.

Na kuna mlango kufungwa usoni. Mei 2024, siku chache kabla ya gemu ya Ghost of Tsushima kutoka kwenye kompyuta, iliondolewa kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na PlayStation Network rasmi, kwa sababu sehemu yake ya kucheza na wengine ilidai akaunti ya mtandao huo. Walioiagiza mapema katika nchi hizo walifutiwa maagizo yao na kurudishiwa pesa. Pesa zilirudi, ndiyo. Lakini fikiria umejinyima, umelipa, umewaambia marafiki mtacheza pamoja, kisha unaambiwa nchi yako haimo.

Si kwamba kwetu hatujui kulipia kabla. Ramadhani ikifika kumi la kati, fundi cherehani wa mtaa huchukua nusu ya pesa za kanzu, kwa sababu ana kitambaa cha kununua na hawezi kuwashonea watu wote usiku wa kuamkia Idi. Nusu ya pili inabaki kwako mpaka uivae na uyatazame mabega. Nyongeza ya gemu haina kitambaa. Haiishi dukani hata wakinunua watu milioni kumi saa moja. Na unatoa pesa zote, bila kubakiza nusu.

Kwa hiyo anayelipa mapema anapata nini hasa? Si upakuaji wa mapema, angalau si kwenye Destiny 2: msingi wa gemu hiyo ni wa bure tangu Oktoba 2019, na faili kubwa inayotangulia nyongeza humshukia kila mtu, aliyelipa na asiyelipa. Malipo hufungua mlango tu. Mwenye intaneti ya kusuasua anaweza kupakua usiku kucha na kulipa asubuhi ya siku yenyewe.

Kuna kampuni zinazouza siku. Nyongeza ya World of Warcraft, The War Within, ilitoka Agosti 26, 2024, lakini walionunua toleo la juu, la dola 90, waliingia tangu Agosti 22. Final Fantasy XIV huwapa walioagiza siku chache za kutangulia, na ilipofika zamu ya nyongeza yake ya Endwalker, Desemba 3, 2021, waliotangulia walikutana na foleni. Maelfu ya watu mbele yako, unangoja kwa saa nyingi, kisha hitilafu iliyokuja kujulikana kwa namba yake, 2002, inakutupa nje ya foleni. Square Enix, wenye gemu hiyo, waliomba radhi, wakaongeza siku 7 za bure na baadaye 14 nyingine, wakasimamisha hata kuiuza gemu yenyewe hadi Januari 25, 2022. Naiheshimu hatua hiyo. Lakini foleni ya namna hiyo kwa mtu wa Ulaya aliye karibu na seva ni jambo moja, na kwa mtu wa Kisauni, stima ikikatika mara mbili jioni moja na bando likiisha hali anangoja, ni jambo jingine.

Mpwa wangu ana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza: hizi ni gemu za kundi. Shambulio kubwa la Destiny 2 linataka watu 6. Lile la The Final Shape lilifunguliwa Juni 7, siku tatu tu baada ya nyongeza kutoka, na kikosi hakimsubiri mtu. Asiyekuwepo wiki ya kwanza hukuta wenzake wameshajifunza njia, wana silaha bora, na nafasi yake ina mtu mwingine. Kwa kijana ambaye marafiki zake wametawanyika kutoka Mombasa hadi Muscat, jioni zile ndizo baraza lake, na simwambii hazina thamani.

Ila hoja hiyo inamtaka awepo siku ya kutoka. Haimtaki alipe miezi kumi kabla. Na asiye na kikosi kinachomngoja ana sababu ya kusubiri zaidi: Lightfall, nyongeza ya Destiny 2 iliyotoka Februari 28, 2023 kwa bei hiyo hiyo ya dola 50 na kulaumiwa na wachezaji wengi kwa hadithi yake dhaifu, Mei 2024 ilikuwa miongoni mwa gemu za mwezi ambazo wanachama wa PlayStation Plus hupewa bila malipo ya ziada.

Kwa hiyo sitaki kumnyima, nimebadilisha wakati tu. Nyongeza ikitangazwa, naziweka pembeni zile pauni hamsini huku kwangu, ambako bado ni pesa. Kama kikosi chake kimepanga kuingia siku ya kwanza, vocha inaondoka asubuhi hiyo. Kama hakikupanga, tunasubiri wiki mbili, tunawasikiliza walioicheza, na tukiona haifai zile pauni zinaenda kwa dada yangu zikalipe kitu kingine. Nawaomba wajomba na mashangazi wengine wa ughaibuni wanaotumiwa sauti kama zile wafanye hivyo pia: vocha msiitume mapema. Ikishaingizwa, hakuna sheria ya Uingereza wala ya Kenya itakayoirudisha kuwa shilingi.