Ulimbo Juu ya Motakaa

Mtoto aliyewahi kupasua fenesi ajua tabia ya ulimbo. Ukikushika vidoleni hautoki kwa maji, hata ukisugua mpaka ngozi iwashe. Mama yangu alilelewa Unguja, na kabla ya kupasua fenesi hupaka kisu na mikono yake mafuta ya nazi. Kazi ikiisha hujipangusa kwa kitambaa chenye mafuta hayo hayo, na ulimbo wote huja nacho. Maji na ulimbo havipatani, bali mafuta na ulimbo ni jamaa. Kitu hufunguliwa na jamaa yake: likumbuke neno hilo, msomaji, maana ndilo lililotufaa katika mambo nitakayoyaeleza.

Sisi tulikaa Mafinga, katika nchi ya Mufindi, mahali pa baridi na ukungu, karibu na msitu mkubwa wa Sao Hill. Huko misonobari imepandwa safu kwa safu hata jicho halioni mwisho wake. Watu huigema kama wagemavyo minazi, ila hawapati tembo, hupata utomvu mzito unaonata. Utomvu huo ukipikwa na mvuke wake ukakusanywa, hupatikana tapentaini; na kinachobaki ni kitu kigumu chenye rangi ya asali, ambacho wapigaji wa fidla hupaka nyuzi za upinde wao. Lakini msonobari hautoi utomvu kwa ajili ya fidla. Huutoa kuziba majeraha yake, wadudu wasipate kuingia. Kwa hiyo tabia yake ni kushika na kuwa mgumu. Tone linapoanguka ni laini. Yale mafuta mepesi yenye harufu nzuri yakiisha kupaa hewani, linalobaki hukauka kama kioo.

Mjomba wangu alikuwa seremala, naye alikuwa na motakaa moja ya Toyota, ya rangi ya buluu nzito. Mkazamjomba aliugua, ikawa lazima apasuliwe, na fedha hazikutosha. Mjomba akaazimu kuiuza motakaa. Mtu mmoja wa Njombe akaleta habari kwamba atakuja kuitazama siku ya Jumamosi. Basi Jumatano tukaenda kuitoa ilipowekwa, maana kwa majuma sita mjomba alikuwa akimwuguza mkewe, na motakaa ilikuwa imesimama chini ya misonobari. Tukaikuta imejaa matone juu ya paa na boneti, mengine madogo kama mtama, mengine makubwa kama kunde, yote magumu.

Majirani wakaja na mashauri. Mmoja alileta mchanga na majivu, kama tusafishavyo masufuria. Mwingine alileta kisu. Wa tatu alisifu tina, yale maji makali ya kuchanganyia rangi, akasema kwamba hutoa kila kitu. Mjomba akajibu, "Kweli, ndugu yangu, hutoa kila kitu, hata rangi yenyewe."

Akanieleza sababu. Juu ya bati la motakaa ya namna ile pana rangi ya kwanza ishikayo chuma, kisha rangi tuionayo, kisha vanishi isiyo na rangi, nayo ndiyo ing'aayo. Gawanya milimita moja sehemu 1000: unene wa vanishi hiyo ni sehemu 40 au 50 tu, yaani ni nyembamba kuliko unywele wako. Mchanga ukipita mara chache, mng'ao umekwisha, wala haurudi kwa sabuni.

Yeye alitumia spiriti ile iuzwayo katika duka la dawa. Aliijua kwa kazi yake, kwa kuwa maseremala huyeyusha sherlaki kwa spiriti, na sherlaki nayo ni kama ulimbo, ila hutoka kwa wadudu. Kwanza tuliisukuma motakaa mpaka kivulini, tukangoja bati lipoe, maana juani spiriti hukauka kabla ya kufanya kazi. Tukaiosha kwa maji mengi na sabuni, ili mavumbi yasigeuke kuwa msasa chini ya kitambaa. Kisha akajaribu spiriti mahali pasipoonekana, ndani ya mlango, akatazama kama rangi inatoka. Haikutoka.

Hapo ndipo nilipojifunza subira. Kitambaa laini kilicholowa spiriti huwekwa juu ya tone, huachwa nusu dakika, kisha hupanguswa polepole pasipo kukandamiza. Tone halitoki mara moja. Hulainika pembeni, likawa kama asali, nawe huchukua kile kilicholainika tu, ukageuza upande safi wa kitambaa, ukaanza tena. Matone mengine yalitaka mara tano. Tulifanya kazi hiyo siku mbili, na mikono yetu ilinuka kama chumba cha hospitali. Kila tulipomaliza kipande tulikiosha, maana spiriti haifai kukaa juu ya vanishi. Lami iliyorukia chini ya milango tuliitoa kwa mafuta ya taa na sabuni, mbali na jiko. Petroli mjomba aliikataza kabisa. Mvuke wake hushika moto upesi kuliko mtu awezavyo kukimbia.

Siku ya Ijumaa motakaa iling'aa, nami nikadhani kazi imekwisha. Mjomba akavaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, akapitisha vidole juu ya boneti, akaniambia nifanye vivyo. Ajabu! Mkono ulioona ulaini sasa ulisikia chenga tele. Hapo nyuma motakaa ile ilikaa miaka miwili Makambako, karibu na stesheni ya reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Magurudumu ya treni na breki zake hurusha unga wa chuma, nao hujichoma ndani ya vanishi na kushika kutu humo humo. Chuma si jamaa ya spiriti. Dawa yake ni udongo wa kuchezesha juu ya rangi, ambao si udongo wa shamba, bali kinyunga kilichotengenezwa, chenye chembe laini sana za kusugua. Tulipata kipande kutoka Iringa. Tuliloweza bati kwa maji ya sabuni, tukakitelezesha, kikawa cheusi, tukakikanda upya. Kipande kidogo kilianguka chini. Mjomba akakitupa, ingawa kilikuwa ghali, kwa sababu kilikuwa kimeokota mchanga.

Doa moja halikutoka. Ndege aliangusha kinyesi chake karibu na kioo, kikakauka juani siku nyingi, kikaacha alama ndani ya vanishi yenyewe.

Mnunuzi alikuja asubuhi. Kabla hajaizunguka motakaa, mjomba alimwongoza mpaka kwenye doa lile, akamwonyesha kwa kidole. Mgeni aliliinamia, akalipapasa, akauliza kama yako mengine. "Tafuta, bwana," mjomba akasema. Akatafuta karibu saa nzima, hata chini ya milango. Akapunguza kidogo katika bei kwa ajili ya doa, mjomba akakubali, na fedha zikahesabiwa juu ya boneti. Jumatatu mkazamjomba alipelekwa hospitali kwa basi.